Kosa Lina Kwao: Kumfundisha Kijerumani Mtu Anayefikiri kwa Kiswahili

Mwanafunzi anayesema *Heute ich kaufe Brot* hajasahau kanuni. Ameifuata kanuni nyingine, ya lugha aliyokulia, na ameifuata barabara. Kwa Kiswahili tunasema "Leo ninanunua mkate", na neno "ninanunua" limebeba mtendaji, wakati na kitendo kwa pamoja. Akilipasua ili apate vipande vya Kijerumani, anapata *ich* mbele na *kaufe* nyuma, anavipanga kama alivyovipata, na kitenzi kinaangukia nafasi ya tatu. Kijerumani hakikubali. Katika sentensi ya taarifa, kitenzi chenye alama ya nafsi hukaa nafasi ya pili, na kitu kingine kikitangulia, uwe wakati, mahali au shamirisho, mtendaji husogea nyuma ya kitenzi: *Heute kaufe ich Brot.*

Mwalimu anaweza kurudia "kitenzi nafasi ya pili" kila wiki na kosa likabaki palepale. Akilieleza kwa asili yake, hupungua haraka. Mwonyeshe mwanafunzi kwamba hata Kiswahili kimeweka kitenzi nafasi ya pili: "leo" ni neno la kwanza, "ninanunua" la pili. Kinachotofautiana ni mahali pa nafsi. Sisi huibandika mbele ya kitenzi daima. Wajerumani huipeleka nyuma yake mara nafasi ya kwanza inapokaliwa na kitu kingine. Kisha kata vipande vitano vya karatasi: *heute*, *ich*, *kaufe*, *Brot*, *im Supermarkt*. Bandika *kaufe* ubaoni, nafasi ya pili, na asikiguse mtu. Vinne vilivyobaki vipokezane zamu ya kukaa mbele, na kila mpangilio usomwe kwa sauti. Somo linalofuata, badilisha *kaufe* kwa *habe* na ubandike *gekauft* mwishoni kabisa. Sasa vipande viwili vimefungwa, cha pili na cha mwisho, kimoja kinakaa mbele, na vingine vyote vinazunguka katikati: *Heute habe ich im Supermarkt Brot gekauft.* Somo la tatu weka *will* (nataka) na *kaufen* (kununua). Mwanafunzi aliyezungusha karatasi hizo kwa mikono yake atakipokea kishazi tegemezi cha *weil* ("kwa sababu") bila hofu, kwa sababu tayari amezoea kusubiri kitenzi mwishoni.

Hilo ndilo naliona kuwa kiini cha ualimu wa Kijerumani: kujua kila kosa linatoka wapi. Vitabu vingi vya kuanzia vimeandikwa kwa Kijerumani kitupu au vina maelezo ya Kiingereza, na mwenye Kiswahili hupitishwa kwenye lugha ya tatu ili aifikie ya pili. Njia hiyo ina hasara kubwa. Kiingereza kimepoteza karibu upatanisho wote wa nomino na kivumishi ambao Kijerumani kimeuhifadhi. Kiswahili kina ngeli, kina kauli ya kutendea, kina mzizi wa -ake unaobadilika kichwa kwa kufuata kitu kinachomilikiwa. Mwalimu anayeviacha vitu hivi mlangoni anawanyima wanafunzi wake mtaji walionao.

Nianze na sauti, kwa kuwa kosa la sauti likilelewa miezi ya mwanzo hugeuka tabia. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo hurefuka yenyewe. Ndiyo maana *bitte* hutoka kama *biete*, yaani "tafadhali" inageuka "natoa", na *Mitte*, katikati, inakuwa *Miete*, kodi ya nyumba. *Offen* inageuka *Ofen*, "wazi" ikawa "jiko". Mwanafunzi hasikii kosa lake kwa sababu kwake urefu huo si chaguo, ni tabia ya silabi. Mwonyeshe kanuni ya maandishi: irabu inayofuatwa na konsonanti iliyorudiwa ni fupi, inayofuatwa na *h* au konsonanti moja kwa kawaida ni ndefu, na iliyoandikwa mara mbili ni ndefu daima. Halafu mfanye akate irabu fupi kwa kuifunga upesi na konsonanti: katika *kommen* midomo ikutane kwenye *m* mapema kuliko anavyodhani inafaa. Jozi kumi za namna hii, zikisomwa mwanzoni mwa kila somo, huleta faida kuliko saa nzima ya nadharia.

Mkazo wenyewe katika Kijerumani mara nyingi hukaa kwenye silabi ya kwanza ya mzizi. Viambishi *be-*, *ge-*, *er-*, *ver-*, *zer-*, *ent-* havina mkazo. Viambishi vinavyotengana na kitenzi kama *an-*, *auf-*, *ein-*, *mit-* vinao. Hapa mkazo hutofautisha maana: *umfahren* yenye mkazo mwanzoni ni kumgonga mtu au kitu kwa gari na kukiangusha, na yenye mkazo kwenye *fah* ni kukizunguka usikiguse.

Tatizo la pili la sauti ni mwisho wa neno. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo *Hund* hupewa mkia ikawa "hundi", na *selbst* hupasuliwa katikati kwa irabu ndogo. Fundisha kundi la konsonanti kutoka nyuma: *t*, *st*, *bst*, *elbst*, *selbst*. Kila hatua isemwe mara tatu kabla ya kuongeza herufi. Ukianza mbele, ulimi hufika mwishoni umechoka na kuongeza irabu ya kupumzikia. Ukianza nyuma, sehemu ngumu inakuwa imezoeleka kabla neno halijakamilika. Hapohapo fundisha kwamba *b*, *d*, *g* mwishoni husikika kama *p*, *t*, *k*: *Tag* ni "taak", ingawa katika *Tage* ile *g* hurudi.

Kwa *ü*, mwambie aseme "i" ya "mimi", aishikilie, asisogeze ulimi, kisha aviringe midomo kama anayepiga mluzi. Kwa *ö* afanye vivyo hivyo akianza na "e". Umuhimu wake si wa mapambo. *Konnte* ni "niliweza", *könnte* ni "ningeweza". *Musste* ni "nililazimika", *müsste* ni "ningepaswa". Ile *ch* ya *ich* hupatikana kwa kutayarisha kinywa kama kwa "y" ya "yeye", kuzima sauti ya koo na kupuliza hewa tu. Wengi huishia kwenye "sh", na hapo *Kirche*, kanisa, linageuka *Kirsche*, tunda la cheri. *Ch* inayofuata *a*, *o*, *u* na *au* hutamkwa nyuma ya kinywa, kama "kh" ya "Sheikh". Kuhusu *r*, nisingetumia muda mwingi wa darasa kumwondolea mtu *r* ya ncha ya ulimi. Wako Wajerumani wa kusini wanaoitamka hivyo na wanaeleweka popote. Kinachostahili mazoezi ni *-er* ya mwishoni, ambayo hulegea hadi kukaribia "a": *Lehrer* husikika kama "leera". Asiyejua hilo hatayatambua maneno anayoyajua atakapoyasikia.

Baada ya sauti huja jinsia ya nomino, na hapa mwalimu wa Waswahili ana bahati. Hahitaji kumshawishi mwanafunzi kwamba nomino ina kundi na kwamba kundi hilo hutawala maneno ya jirani. Anayesema "kiti changu kizuri kimevunjika" ameshaishi na jambo hilo tangu utotoni. Ugeni ni mmoja: ngeli ya Kiswahili mara nyingi inaonekana usoni mwa nomino, lakini *Tisch* (meza), *Lampe* (taa) na *Buch* (kitabu) havioneshi lolote. Kwa hiyo artikeli, yaani *der*, *die* au *das* inayotangulia nomino kufuata jinsia yake, haipaswi kuhesabiwa kuwa nyongeza ya neno. Ndiyo kiambishi cha ngeli kilichotenganishwa. Asiyejifunza *der* pamoja na *Tisch* ni sawa na aliyejifunza "-ti" bila kujua kama ni kiti au mti.

Kadi ya msamiati basi iwe na vitu vitatu upande mmoja, *der Tisch, die Tische*, yaani artikeli, nomino na wingi, na picha au maana upande wa pili. Wingi uandikwe kamili, kwa sababu Kijerumani kina njia kadhaa za kuunda wingi (*-e*, *-er*, *-n* au *-en*, *-s*, au bila kiambishi, pengine na irabu kugeuka) na kukisia hakusaidii. Tumia rangi tatu, moja kwa kila jinsia, na usizibadilishe mpaka mwisho wa kozi. Viko pia viambishi tamati vinavyofichua jinsia, navyo hulipa sana kuanzia A2, ngazi ya pili ya kozi baada ya A1 na kabla ya B1: *-ung*, *-heit*, *-keit*, *-schaft*, *-tät*, *-ion* ni *die*, *-chen* na *-lein* ni *das*, ndiyo maana msichana ni *das Mädchen*, *-ling* na *-ismus* ni *der*. Mwanafunzi apewe ukurasa wa gazeti na kalamu tatu za rangi, azitafute nomino za namna hiyo bila kujali kama anaelewa habari yenyewe.

Kosa linalofuatana na hili ni la kila kitu kuitwa *es*, kama *it* ya Kiingereza. Linatoka kwenye Kiingereza cha shuleni, na dawa yake iko kwenye Kiswahili. Ukiuliza "Meza iko wapi?" jibu ni "iko pale", na ile *i-* imeifuata ngeli ya meza. Ukiuliza *Wo ist der Tisch?* jibu ni *Er ist dort*, na ile *er* imeifuata *der*. Herufi za mwisho zinalingana: *der* na *er*, *die* na *sie*, *das* na *es*. Kwa watu hali hugeuka, kwa sababu *a-* ya "anakuja" haijali kama ni mwanamume au mwanamke, na mwanafunzi huanza hadithi ya mama yake na *sie* akaimaliza na *er*. Hilo halina njia ya mkato. Linahitaji masimulizi marefu kuhusu mtu mmoja wa jinsia moja, kisha kuhusu wawili wa jinsia tofauti, mpaka ulimi uzoee kuchagua.

Umiliki ndio unaonifurahisha kuliko yote. Walimu hulalamika kwamba *sein* ("-ake" ya mwanamume) na *ihr* ("-ake" ya mwanamke) havifundishiki. Hebu tazama "kitabu chake" na "nyumba yake". Kichwa cha neno, *ch-* au *y-*, kimekifuata kitu. Mzizi *-ake* umemfuata mwenye kitu. Kijerumani hufanya kazi hiyohiyo kwa mpangilio uliogeuzwa: mzizi *sein-* au *ihr-* unamfuata mwenye kitu, mkia unakifuata kitu. *Ihr Buch*, *ihre Tasche*, *sein Buch*, *seine Tasche*. Kwa hiyo nusu ya kazi, ile ya mkia, mwanafunzi anaijua kwa asili. Iliyobaki ni kujiuliza mwenye kitu ni nani. Mfundishe maswali mawili kwa utaratibu uleule kila mara: "Ni cha nani?" hutoa mzizi, "Ni kitu gani?" hutoa mkia. Wanaokosea mara nyingi wamejibu maswali yote mawili kwa jinsia moja, wakasema *seine Tasche* kwa mwanamke eti kwa sababu *Tasche* ni ya kike na *-e* imeshawekwa.

Upatanisho huohuo huzaa kosa moja ambalo msemaji wa Kiingereza kwa kawaida halifanyi. Kwa kuwa sisi husema "kitabu ni kizuri", mwanafunzi mwangalifu huandika *Das Buch ist gutes*. Kivumishi kinachosimama baada ya kitenzi *sein*, yaani "kuwa", hakipati mkia wowote: *Das Buch ist gut.* Mkia huja kinapokaa mbele ya nomino tu, *ein gutes Buch*. Ukimsahihisha bila kumweleza, atadhani amekosea jinsia na kujaribu *guter*.

Sasa tufike kwenye Dativ, ambako wengi hukata tamaa. Mwanafunzi aliyesoma sarufi ya Kiswahili sekondari anamjua tayari, kwa jina la shamirisho kitondo, au yambwa tendewa, kulingana na kitabu alichotumia. Akkusativ ni shamirisho kipozi. "Ninakununulia kitabu" ni *Ich kaufe dir ein Buch*: *-ku-* ndiye *dir*, kitabu ni *ein Buch*. "Nimemwandikia mwalimu barua" ni *Ich habe dem Lehrer einen Brief geschrieben*. Kauli ya kutendea inapoongeza mtu anayefaidika au anayepokea, Kijerumani mara nyingi humweka mtu huyo kwenye Dativ. Vitenzi kama "pa" na "onyesha" havina *-ia* lakini vina mpokeaji na kitu, navyo hufuata mkondo uleule: *Gib mir das Buch*, *Zeig mir den Weg*. Hata *Das Haus gefällt mir*, sentensi inayoonekana kupinduliwa, ni "Nyumba inanipendeza" neno kwa neno. Nyumba ni mtendaji, *-ni-* ni *mir*.

Daraja hili lina mahali pawili pabovu, na mwalimu azitaje mapema kabla mtu hajatumbukia. Kwanza, vipo vitenzi vyenye shamirisho moja tu ambavyo Kijerumani hulipa Dativ: *helfen*, *danken*, *antworten*, *folgen*, *gratulieren*, *gehören*, *glauben*. Kiswahili hakitoi ishara ya kutegemewa hapa. "Saidia" ina *-ia* lakini "jibu", "fuata" na "shukuru" hazina. Vikaririwe kama sentensi nzima zenye *dir*: *ich helfe dir, ich danke dir, ich antworte dir*. Pili, *anrufen*. "Nitakupigia simu" ina *-ia* kamili, na mwanafunzi hodari ataandika *Ich rufe dir an*. Sahihi ni *Ich rufe dich an*. Pamoja nalo weka *fragen* (uliza) na *bitten* (omba), vyote vya Akkusativ: *ich frage dich, ich bitte dich*. Kundi hili ni dogo na linatumika kila siku, kwa hiyo lipewe somo lake.

Jambo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni mahali. Kiswahili kina kiambishi kimoja, *-ni*, kwa mambo matatu: yuko shuleni, anaenda shuleni, ametoka shuleni. Neno "shuleni" halikubadilika. Kitenzi ndicho kilichobeba habari ya kukaa, kwenda au kutoka. Kijerumani hubadilisha kila mahali: *in der Schule, in die Schule, aus der Schule*. Mwanafunzi amezoea kukiachia kitenzi kazi hiyo, kwa hiyo anachagua artikeli bila kuona kwamba kuna swali. Vihusishi vinavyohusika ni tisa: *an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen*. Vikieleza mahali vinapobaki palepale huchukua Dativ, na vikieleza kuelekea huchukua Akkusativ.

Maelezo yanayotolewa darasani ni kwamba "pakiwa na mwendo, tumia Akkusativ". Maelezo hayo ni mabovu na huzaa makosa. *Ich laufe im Park* ina mwendo tele, lakini mkimbiaji amekuwa ndani ya bustani muda wote, kwa hiyo ni Dativ. *Ich laufe in den Park* maana yake alikuwa nje akaingia. Kipimo sahihi ni hiki: kabla ya kitendo kitu hakikuwapo mahali pale, baada ya kitendo kipo? Jibu likiwa ndiyo, Akkusativ. Kama hakuna mpaka uliovukwa, Dativ, hata mtu akimbie mpaka achoke.

Zoezi lake linahitaji chupa, kitabu na meza. "Weka" ya Kiswahili hufanya kazi ya vitenzi vingi: *stellen* kwa kitu kinachosimama wima, *legen* kwa kinacholala, *hängen* kwa kinachoning'inia, *stecken* kwa kinachochomekwa. Kila kimoja kina mwenzake wa hali ya kukaa: *stehen, liegen, hängen, stecken*. Mwanafunzi wa kwanza aweke chupa na kusema *Ich stelle die Flasche auf den Tisch.* Wa pili, mkono wa mwenzake ukiwa umeshatoka, aseme *Die Flasche steht auf dem Tisch.* Wa tatu aihamishie chini ya kiti. Mwalimu asiruhusu mtu aseme sentensi kabla ya kufanya kitendo. Wakizunguka darasa zima mara mbili, tofauti ya *den* na *dem* huanza kukaa mkononi, na nimeridhika kabisa kwamba hakuna jedwali linaloweza kuifikisha huko. Mafungu yanayobaki ni ya kukariri: *nach* kwa nchi zisizo na artikeli, *nach Deutschland*, *in* na Akkusativ kwa zenye artikeli, *in die Schweiz*, *zu* kwa watu, *zum Arzt*, na *zu Hause* kwa aliyepo nyumbani, *nach Hause* kwa anayekwenda. Na "kwenda" yenyewe igawanywe tangu siku ya kwanza: *gehen* ni kwa miguu, *fahren* kwa chombo cha nchi kavu au majini, *fliegen* kwa ndege.

Namba huonekana rahisi mpaka mtu asome namba ya simu kwa kasi. *Siebenundvierzig* hutaja saba kabla ya arobaini, na wengi huandika 74. Wapo wanaojifundisha kuandika tarakimu ya pili kwanza na kuacha nafasi mbele yake. Waache desturi hiyo mapema, haifanyi kazi kwenye kitufe cha simu. Masikio yasubiri mpaka *-zig* isikike, ndipo mkono uandike. Imla ya namba kumi za tarakimu mbili kila somo inatosha. Kumbuka pia kwamba Wajerumani huandika elfu kwa nukta na desimali kwa mkato: 1.000 ni elfu moja, 3,50 ni tatu na nusu.

Saa ina mitego miwili kwa pamoja. *Halb acht* ni nusu kuelekea nane, yaani 7:30, na kwa hesabu yetu ya saa hiyo ni saa moja na nusu. Mwanafunzi lazima aondoe sita na nusu kwa pigo moja, na hapo hupotea. Usimwache atafsiri. Mwonyeshe mishale ya saa na jina la Kijerumani tu, bila Kiswahili katikati, na anza na saa za saa 24, *neunzehn Uhr dreißig*, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa kwenye vituo vya treni. *Halb* ifuate baadaye.

Dogo lakini hatari: jibu la swali kanushi. "Hujala?" kwa Kiswahili hujibiwa "Ndiyo, sijala." *Hast du nicht gegessen?* hujibiwa *Nein* kama hujala, na *Doch* kama umekula. Anayesema *Ja* humwacha msikilizaji gizani. Kwenye usaili au hospitalini kutoelewana kwa namna hiyo kunaweza kugharimu, kwa hiyo *doch* ifundishwe A1, isisubiri.

Tahadhari kuhusu vitabu. Vile vya kabla ya mageuzi ya tahajia ya mwaka 1996, yaliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Agosti 1998, huandika *daß* na *muß*. Leo ni *dass* na *muss*. *ß* imebaki baada ya irabu ndefu na irabu unganifu, *Straße* na *heißen*, na Uswisi hawaitumii kabisa. Sarufi ya vitabu hivyo bado ni nzuri, ila mwanafunzi aambiwe.

Mitihani huleta makosa yake yenyewe, na mengi si ya lugha. Katika Goethe-Zertifikat A1, mtihani wa Kijerumani wa Taasisi ya Goethe, sehemu ya kuandika ina fomu yenye nafasi tano na ujumbe wa takriban maneno 30 wenye hoja tatu. B1 ina kazi tatu ndani ya dakika 60: barua pepe ya maneno kama 80, maoni ya maneno kama 80, na barua rasmi ya maneno kama 40. Watu wenye sarufi nzuri huanguka kwa kuacha hoja moja kati ya zilizotajwa, au kwa kumwandikia mkuu wa kozi kwa *du*. Wafundishe kuweka alama pembeni ya kila hoja waliyoijibu, na kutenga dakika tano za mwisho kwa ukaguzi wa mambo matatu kwa mfuatano: kitenzi kiko wapi, nomino zina herufi kubwa, artikeli baada ya kihusishi ni ipi. Kukagua vyote kwa mpigo ni kutokagua. Kwenye mazungumzo ya B1 watahiniwa wawili hupanga jambo pamoja. Anayeongea peke yake dakika zote anajipunguzia alama, hata kama hajakosea neno. Apewe sentensi za kumkaribisha mwenzake, *Was meinst du?* na *Wie wäre es, wenn wir...?*, azitumie darasani mpaka zimtoke bila kufikiri.

Kwenye kusahihisha, mtu anayezungumza asikatizwe. Mwalimu aandike makosa kwenye daftari, na mwisho wa zoezi atie matano ubaoni bila jina la mtu, darasa liyatengeneze na liseme kila moja limetoka wapi. Kwenye insha usiandike jibu; andika herufi pembeni, V kwa kitenzi, A kwa artikeli, K kwa Kasus (Dativ au Akkusativ), S kwa mpangilio, na umrudishie mwandishi. Insha iliyosahihishwa yote kwa kalamu nyekundu husomwa mara moja na kuwekwa kabatini.

Kuanzia B1 kwenda juu, Kiswahili huendelea kulipa. "Kitabu ambacho nilikinunua" humfundisha *das Buch, das ich gekauft habe*, kwa kuwa *-cho* na *das* zote zimekifuata kitabu. Nyongeza ya Kijerumani ni kwamba kirejeshi hubeba pia kazi yake ndani ya kishazi, *der Mann, dem ich geholfen habe*. Kauli ya kutendeka hufungua *-bar*: inasomeka, *lesbar*, inanyweka, *trinkbar*. Na vile vineno vinavyowatesa wanafunzi kwa sababu kamusi huvieleza vibaya, vina ndugu kwetu. *Komm mal her* ina ladha ya "hebu njoo". *Du weißt ja* ni "si unajua". *Komm doch mit* iko karibu na "twende basi". Havifanani katika kila sentensi, kwa hiyo visifundishwe kama orodha. Chukua mazungumzo mafupi ya Kijerumani, uvifute vyote, uwape wanafunzi wayaseme kwa Kiswahili cha kawaida, na uwatazame wanaingiza "hebu", "si" na "basi" wenyewe. Hapo ndipo uwarudishie nakala ya asili, wavitafute *mal*, *ja* na *doch* vilikokuwa, na waamue ni wapi Mjerumani ameweka kineno mahali ambapo wao waliona hakihitajiki.